Likizo Oman: urithi unaofanya kazi, urithi wa maonyesho na urithi ulioachwa



Kila likizo ya Desemba ikikaribia, sisi tuliotawanyika London, Toronto, Minneapolis na kwengineko huulizana suali lilelile: mwaka huu tuwapeleke wapi watoto? Nyumbani tumeshakwenda mwaka jana, na nauli ya watu watano si mchezo. Dubai watoto wanaitaka, wazee hawaitaki. Hapo ndipo inapotajwa Oman, na anayeitaja huipamba kwa maneno ya vijitabu vya utalii: nchi ya Kiarabu iliyochanganya urithi wa kale na anasa za kisasa.

Maneno hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Mchanganyiko huo una namna zake, na asiyezijua atatumia pesa nyingi akarudi na picha za bwawa la kuogelea tu. Tena kwa siye wasema Kiswahili lipo jambo la zaidi. Sehemu ya urithi ule ni yetu, na sehemu hiyo ndiyo watalii wanayoipita kwa gari bila ya kushuka. Kwa hivyo nitaanza na sababu ya Oman kuwa hivi ilivyo, kisha niugawe urithi wake mafungu matatu, halafu nimalizie na hoteli na njia.

KWA NINI MUSCAT HAIKUFANANA NA DUBAI

Oman ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1967, nyuma ya jirani zake wengi. Wakati huo Sultani alikuwa Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932, mtu mwenye mkono mzito katika matumizi na mwenye shaka na kila kipya. Malango ya Muscat kongwe yakifungwa masaa matatu baada ya jua kuchwa, na mtu akitaka kutembea usiku sharti achukue kandili yake mkononi. Alipoondolewa tarehe 23 Julai 1970 na mwanawe Qaboos kushika nchi, barabara ya lami ilikuwa kiasi cha kilomita 10 na skuli za serikali zilikuwa tatu, nchi nzima.

Kuchelewa huko kuliwaumiza watu, wala tusikupambe. Wengi walihama kutafuta elimu na kazi Bahrain, Kuwait na kwengineko. Lakini kuliacha kitu nyuma. Ngome, miji ya udongo na mifereji ya maji haikubomolewa kupisha maghorofa, kwa sababu hayakuwapo maghorofa ya kupishwa. Fedha zilipokuja, serikali mpya ikaweka masharti ya ujenzi: majengo yawe mafupi, rangi yake iwe nyeupe au ya mchanga, madirisha na kuta zichukue sura za Kiarabu. Ndio maana ukitua leo Muscat, katika jengo jipya la uwanja wa ndege lililofunguliwa 2018, ukaingia mjini kwa barabara pana iliyofagiliwa, huoni minara ya vioo. Unaona mji mweupe uliolala chini ya majabali meusi.

Anasa nayo ilikuja kwa mpango. Hoteli ya Al Bustan Palace ilifunguliwa 1985 kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa 2001, na zulia la ukumbi wake mkubwa lina urefu wa mita 70 kwa upana wa 60, limefumwa kwa mkono na wanawake 600 wa Kiirani kwa miaka minne. Jumba la opera la Muscat likafuata 2011. Sultan Qaboos alifariki tarehe 10 Januari 2020, akarithiwa na binamu yake Haitham bin Tariq, na njia hiyo ya kujenga haikubadilika sana. Kwa hivyo tunaposema urithi na anasa vimechanganyika, tujue kwamba hayo ni maamuzi ya watu. Na penye maamuzi, kuna kilichoangaliwa na kuna kilichosahauliwa.

FUNGU LA KWANZA: URITHI WA MAONYESHO

Huu ni urithi uliokarabatiwa, ukawekewa taa, maelezo ukutani na dirisha la tiketi. Sisemi hivyo kwa kuudharau. Usipofanyiwa hivyo huanguka. Ngome ya Bahla iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1987, mwaka uliofuata ikatiwa katika orodha ya mali zilizo hatarini, na ilichukua hadi 2004 kutoka humo baada ya matengenezo ya subira.

Ukiwa na siku moja tu ya ngome, ifanye Nizwa na Jabrin, kwani hizo mbili zina uhusiano na sisi. Mnara mkubwa wa duara wa Nizwa ulijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaariba, ndiye aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Jabrin, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapo, ni kasri ya mwanawe, Imamu Bil'arab bin Sultan. Ni nyumba ya mtu wa elimu: dari zimechorwa maua, vyumba vya kusomea viko juu, na ghala la tende limejengwa kwa matuta ili asali ya tende iteremke yenyewe mpaka kwenye mitungi. Bil'arab alifia humo humo akiwa amezingirwa na ndugu yake Saif, na kaburi lake liko chini ya kasri. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1696 mpaka ikaanguka 1698. Kwa hivyo mtoto wa Mombasa anaposimama Jabrin, anasimama katika nyumba ambayo ugomvi wake wa ndugu ulimwacha mshindi wa kuvuka bahari na kuja kwao. Mwambieni mtoto hayo, ngome haitakuwa tena ukuta mtupu.

Muscat kwenyewe, Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2016 yanatosha asubuhi nzima. Makumbusho mapya ya Manah, karibu na Nizwa, yalifunguliwa 2023, nayo ni makubwa mno, basi usiyachanganye na ngome katika siku moja ukiwa na watoto wadogo. Na mkipita njia ya kwenda Al Bustan, angalieni kwenye mzunguko wa barabara: pamesimama jahazi la mbao liitwalo Sohar. Lilijengwa Sur mwaka 1980 bila ya msumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, na msafiri Tim Severin akalipeleka mpaka Canton, China, mwaka 1981. Mtu wa Lamu au wa visiwa vya Bajuni haitaji kuelezwa zaidi: chombo cha kushonwa kwa kamba ni jamaa wa mtepe. Wenzetu wamekiweka chombo chao mbele ya hoteli ya kifahari ili kila mgeni akione.

Lakini tusidhani kuwa jina kwenye orodha ya dunia ni kinga. Hifadhi ya choroa wa Kiarabu huko Oman iliandikwa UNESCO mwaka 1994, kisha serikali ikaipunguza eneo lake kwa asilimia 90 kwa ajili ya kutafuta mafuta, na mwaka 2007 ikafutwa. Ilikuwa mahali pa kwanza duniani kufutwa katika orodha ile.

FUNGU LA PILI: URITHI UNAOFANYA KAZI

Fungu hili ndilo linalonifanya niseme Oman inastahiki nauli. Humo mna vitu vya kale vinavyotumika leo na wenyewe, kwa haja zao, na mtalii akiwapo au asiwepo.

Cha kwanza ni falaj, kwa wingi aflaj. Ni mfereji unaotoa maji chini ya ardhi au kwenye bonde na kuyapeleka mjini kwa mteremko tu, bila ya pampu. Mwengine huanzia kwenye kisima-mama chini ya mlima, ukapita chini kwa chini kilomita kadhaa kabla ya kuonekana. Oman ina aflaj kiasi cha 3,000 zinazotumika mpaka sasa, na tano kati yao ziliandikwa UNESCO mwaka 2006. Falaj Daris ya Nizwa na Falaj al-Khatmayn ya Birkat al-Mawz ziko njiani kabisa, na kuzitazama ni bure.

Uhondo wenyewe uko katika mpango wa kugawana. Pale maji yanapotokeza juu kwanza ni pa kunywa, hapana ruhusa kuosha kitu. Yakishuka hufika msikitini na penye pa kuoga, kisha ndiyo huingia mashambani, mitende ikitangulia na mimea ya msimu ikifuata. Kila mwenye haki ana muda wake, na kipimo kimoja maarufu ni athar, kiasi cha nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimamishwa na usiku kwa nyota, siku hizi saa za mkononi zimechukua kazi hiyo sehemu nyingi. Yuko wakili anayesimamia, na sehemu ya maji huwa ni mali ya falaj yenyewe au wakfu wa msikiti, ikakodishwa ili ipatikane fedha ya matengenezo. Mwanachuoni wa sheria, wa uchumi au wa siasa atakaa ukingoni hapo asimalize masuali: watu wamegawana kitu adimu kuliko dhahabu kwa karne nyingi, na mgao bado unakwenda.

Cha pili ni soko la mbuzi la Nizwa, kila Ijumaa asubuhi. Fikeni saa moja, kwani saa tatu shughuli imeshapoa. Wauzaji huwazungusha wanyama kwenye duara, wanunuzi wamesimama ndani na nje yake. Anayependezewa humsimamisha mwenye mbuzi, humfungua mnyama meno, humpapasa kiwele, bei hutajwa kwa sauti, na duara inaendelea. Mtalii ana ruhusa ya kutazama, lakini asisimame njiani na kamera. Ile ni biashara ya watu, na kuna fahali mle pia.

Cha tatu ni mawaridi ya Jabal Akhdar. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Mei, katika vijiji vilivyobandikwa ukingoni mwa bonde kama Al-Ayn na Al-Aqr, watu huchuma mawaridi alfajiri kabla ya jua kuyakausha, wakayapika kwenye tanuru za udongo. Mvuke hukusanywa kwenye chombo cha shaba, na marashi ya njia hiyo ya zamani hutoka na harufu ya moshi kidogo na rangi ya hudhurungi. Kila aliyewahi kurushiwa mrashi harusini Zanzibar atajua mara moja kwamba hapa amefika jikoni.

Na vipo vidogo vidogo. Soko la Mutrah lina upande wa wageni wenye sanamu za ngamia, lakini pitia vichochoro vya nyuma utawakuta mabibi wa Kiomani wananunua udi na ubani kwa matumizi ya nyumbani. Jioni pembeni mwa barabara pana moshi, na kinachochomwa ni mishkak. Hilo jina halihitaji tafsiri. Halua inakorogwa kwa masaa kwenye sufuria kubwa ya shaba, ikaliwa kwa kahawa chungu. Kofia za viua vichwani mwa wanaume, zilizoshonwa tundu tundu kwa sindano, ni ndugu wa kofia tulizozizoea Unguja na Lamu. Watoto waacheni wakutambue kufanana huko wenyewe.

FUNGU LA TATU: URITHI ULIOACHWA

Watalii wengi hutoka Muscat asubuhi kuelekea jangwa la Sharqiyah, wakalale kwenye mahema ya kifahari karibu na Bidiyah. Njiani wanapita Ibra. Wachache sana wanaosimama, na hapo ndipo ningeomba ndugu zangu wasimamishe gari.

Ibra ina mtaa wa zamani uitwao Al-Minzafah. Utaingia chini ya lango la udongo, uone majumba ya ghorofa mbili tatu, matao, milango ya kuchongwa, na mengi yake yamebaki kuta bila ya sakafu. Yapo yaliyotengenezwa, yapo yaliyokwisha kuinama. Mji wa Mudhairib, mbele kidogo, una majumba ya namna hiyohiyo. Majumba haya yalijengwa na familia za wafanyabiashara waliopata mali Afrika Mashariki. Sultani Said bin Sultan alipohamishia makao yake Zanzibar, watu wa Sharqiyah walimfuata kwa wingi, wakapanda karafuu, wakapeleka misafara ya pembe bara, na faida nyengine ikarudi kuwa majumba haya. Alipofariki 1856 dola iligawika, na mwaka 1861 Waingereza wakaithibitisha Zanzibar kuwa mbali na Muscat. Watu hawakukatika lakini. Waliendelea kwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi kwa miaka mia moja zaidi.

Sasa hapa inafaa tuseme wazi, kwa kuwa vijitabu vya utalii havipendi kulisema. Karafuu zile zilichumwa na watumwa. Pembe zile zilibebwa na mabega ya watu ambao wengi wao nao waliuzwa. Na watumwa waliletwa mpaka Oman yenyewe, wakafanya kazi katika mashamba ya mitende ya Batinah. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku Unguja na Pemba 1897, na Oman ukapigwa marufuku 1970. Mtu akisimama Al-Minzafah, huo mlango wa kuchongwa unasimulia ufundi, jasho na dhulma kwa pamoja. Mwenye babu aliyejenga na mwenye babu aliyebebeshwa, wote wawili wana haki ya kuja kuutazama, na bora wautazame pamoja kuliko kila mmoja na hadithi yake.

Ndio maana kuanguka kwa kuta hizi si jambo dogo. Ngome ina serikali ya kuitetea. Nyumba ya udongo iliyoachwa na warithi thelathini waliotawanyika haina mtu, na mvua mbili tatu za nguvu zinatosha kuimaliza.

NA KISWAHILI JE?

Upo urithi mwengine usio na tiketi wala kibao, nao ni lugha hii tunayoandikiana. Baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita waliosoma warudi kujenga nchi, maelfu ya Waomani waliozaliwa Zanzibar, Pemba, Mombasa na bara walihamia Oman. Wengi walikuwa na elimu na Kiingereza, wakaingia wizarani, skuli, hospitali na kwenye kampuni ya mafuta. Nyumbani walisema Kiswahili. Mpaka leo, ukiwa Muscat, Ibra au Rustaq, utakisikia dukani au kliniki, mara nyingi kwa bibi au babu, na mara nyingi ni Kiunguja kilichohifadhika vizuri kuliko chetu, hakijaingiwa na maneno ya mitaani ya miaka hii.

Fanyeni hesabu. Aliyezaliwa kabla ya 1964 sasa ameshavuka miaka 60. Watoto wake wanakifahamu Kiswahili, wanakijibu nusu kwa Kiarabu. Wajukuu wana Kiarabu cha skuli na Kiingereza cha simu. Sisi wa Ulaya na Marekani hatuna la kuwacheka, kwa kuwa hali ya majumba yetu ni hiyohiyo. Lakini tukubali kwamba maktaba hii inafungwa mbele ya macho yetu, na hakuna anayeifanyia ukarabati.

Pia kuna Kiswahili cha mlango wa nyuma. Dada anayetandika vitanda vya hoteli, yaya anayesukuma gari la mtoto, mlinzi wa geti, baadhi yao wametoka Kenya, Uganda na Tanzania, na kazi zao ndizo zinazoifanya anasa iwe anasa. Mkiwasikia, wasalimuni kwa lugha yao. "Habari za kazi, dada" haigharimu kitu, na kwa mtu aliye mbali na wanawe ni kubwa kuliko bakshishi. Bakshishi nayo msisahau.

HOTELI: NAMNA YA KUCHAGUA

Sina ugomvi na hoteli nzuri. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima katika baridi ana haki ya kujinyoosha. Lakini pimeni kwa kigezo kimoja: hoteli hii ingeweza kuwa popote, au imefungamana na mahali hapa? Ya pwani ya Muscat yenye bwawa na muziki wa taratibu ni starehe, ila ukiamka usingizini hujui uko Muscat au Maldives. Zile mbili kubwa za Jabal Akhdar, Alila na Anantara, ziko juu kiasi cha mita 2,000, ukingoni mwa bonde, na kutoka hapo unaweza kutembea vijiji vya mawaridi. Hizo nazihesabu kuwa na faida, kwa mwenye uwezo.

Kwa wasio na uwezo huo, au wenye uwezo na wanaotaka kitu chengine, kuna Misfat al-Abriyyin. Ni kijiji cha mawe kilichoning'inia mlimani karibu na Al-Hamra, mwaka 2021 kilitajwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Wenyewe wamezigeuza nyumba za wazee wao kuwa nyumba za wageni. Unalala juu ya godoro chini, unakula walichopika wao, na falaj inapita chini ya dirisha usiku kucha. Tofauti na majumba ya Ibra ni moja tu: hapa wenyewe hawakuondoka wote, na mgeni anapolipa, pesa yake inabaki kuishika paa. Hilo ndilo jawabu la suali la urithi na anasa. Anasa ikimlipa mwenye urithi akae kwake, huuokoa. Ikimwondoa ili nyumba yake iwe pambo, inabaki ngozi bila ya mnyama.

NJIA NA SIKU

Kwa familia yenye siku nane, ningepanga hivi:

1. Siku mbili Muscat: Makumbusho ya Taifa, Mutrah jioni, Msikiti Mkuu. Wasiokuwa Waislamu huingia msikitini asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano, na Ijumaa hawaingii. Wanawake wajifunike nywele, mikono na miguu.

2. Siku ya tatu na ya nne Nizwa, na moja kati yake iwe Ijumaa kwa ajili ya soko. Jabrin na Bahla zimo humo.

3. Usiku mmoja au miwili mlimani, Jabal Akhdar au Misfat. Kupanda Jabal Akhdar polisi wana kituo Birkat al-Mawz, na gari lisilovutwa na magurudumu yote manne halipiti. Msibishane nao, ile njia ya kushuka imeshaua watu.

4. Ibra asubuhi. Ikiwa ni Jumatano mtakuta soko la wanawake, wauzaji na wanunuzi ni wanawake watupu, basi akina baba wabaki garini au waende Al-Minzafah. Jioni jangwani.

5. Kurudi kwa njia ya Sur, mji wa mabaharia na majahazi, uone pa kuundia vyombo, kisha pwani kwa pwani mpaka Muscat, kupitia Wadi Shab kwa wanaojua kuogelea.

Wakati mzuri ni Oktoba mpaka Machi. Juni na Julai joto la Muscat hupita digrii 40 na si la kutembea na wazee. Isipokuwa Salalah, kusini, ambako Juni mpaka Septemba huanguka manyunyu ya kharif na milima ikawa kijani. Huko kuna minazi na migomba barabarani, na madafu yanauzwa vibandani. Ibn Battuta alifika Dhofar kwa bahari akitokea Kilwa, kiasi cha mwaka 1331, na minazi hiyo aliiandika. Anayetamani nyumbani asiyeweza kufika nyumbani atapata nafuu kidogo hapo.

Raia wa nchi zaidi ya 100, zikiwemo Uingereza na Marekani, huingia siku 14 bila ya viza kwa masharti kama tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Wenye pasi za Tanzania, Kenya na kwengineko wahakikishe mapema. Riyali moja ni kiasi cha dola 2.60, kwa hivyo msidanganyike na udogo wa nambari kwenye menyu. Kodini gari, kwani mabasi hayafiki vijijini, na angalieni kamera za mwendo, ni nyingi. Ijumaa na Jumamosi ndio mapumziko ya wiki.

Na la mwisho katika mpango, ambalo halimo kwenye kijitabu chochote: tengeni jioni moja ya kumtembelea mzee. Wengi wetu tuna shangazi, mjomba au jirani wa zamani wa Ng'ambo, Wete au Old Town aliyeko Muscat. Piga simu kabla, chukua zawadi, mpe mkono, na mwachie aseme. Muulize alikuja kwa chombo gani, alisoma skuli gani, nyumba yao ilikuwa mtaa gani. Mtoto wako ashike simu, na kwa ruhusa ya mzee arikodi. Ngome ya Nizwa itakuwepo mwakani, na hoteli zitakuwepo na nyengine mpya zitaongezeka. Huyo mzee hatuna ahadi naye.

Wenye kuongeza au kusahihisha, khasa mnaoishi huko Oman, leteni. Safari njema, na Mwenyezi Mungu awafikishe na awarudishe salama.